Je, serikali ikiwa ndogo na karibu na wananchi, mianya ya ufisadi hupungua kweli?

Mkaaji wa Wadi aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limenisumbua kwa muda, na nitashukuru zaidi nikipata maoni ya watu waliofanya kazi ndani ya serikali, wawe wa Kenya au wa nchi jirani.

Mimi ni mkaaji wa wadi moja ya mashambani nchini Kenya na ni mwanakamati wa kamati ya watumiaji maji. Mwaka 2010 nilipiga kura ya kuipitisha Katiba mpya, na sababu kubwa iliyonisukuma ilikuwa ugatuzi. Tulikuwa tumechoshwa na kashfa ambazo zote zilizaliwa Nairobi: Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo fedha za umma zililipwa kama ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwepo, kisha Anglo Leasing, kashfa ya mikataba ya serikali na makampuni hewa, iliyofichuliwa mwaka 2004. Mtu wa kwetu hangeweza hata kufika kwenye mlango wa ofisi zilikotiwa sahihi hati zile. Tuliamini kwamba fedha zikisogezwa hadi kwenye kaunti, tutaziona kwa macho, na anayezila tutamjua kwa jina na kwa ukoo.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Kaunti yetu ilituchimbia kisima miaka minne iliyopita. Kwenye ukuta wa kibanda cha mashine kuna kibao cha chuma kinachosema kwamba mradi uligharimu shilingi milioni 5.4, na mwakilishi wadi wetu alituambia siku ya uzinduzi kwamba kisima kina kina cha mita 150. Siku kumi zilizopita pampu iliharibika, tukamwita fundi aitoe. Mabomba yalipanda moja baada ya jingine, sisi wanakamati tukiyapanga chini ya mti, na yalipokwisha nikayahesabu: yalikuwa 13, kila moja lina urefu wa mita 6. Hizo ni mita 78. Nilihesabu tena, kisha nikamwomba mwenzangu naye ahesabu, tukapata idadi ileile. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kijana aliyepewa kazi ile ya kuchimba ni mpwa wa mtu tunayekaa naye kanisani kila Jumapili, na mama yake alikuwa hapohapo amekuja kuteka maji.

Swali langu ni hili. Tulidhani serikali kubwa ya mbali ndiyo yenye ufisadi, na serikali ndogo ya karibu ndiyo dawa yake. Ninachokiona sasa ni kwamba ukaribu wenyewe umetufunga midomo. Je, hatari ya ufisadi inategemea ukubwa wa serikali, yaani wingi wa fedha na wafanyakazi wake, au ngazi yake, au ni jambo jingine kabisa ambalo hatulitazami?

---

Mkaguzi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkaaji wa Wadi, salaam kutoka Tanzania. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu limenirudisha kwenye kazi iliyokula maisha yangu. Nilikuwa mkaguzi wa ndani katika halmashauri za wilaya mbili, nikaanza mwaka 1989, miaka mitano tu baada ya serikali za mitaa kurejeshwa nchini kwetu. Vijana wengi hawafahamu kwamba zilifutwa mwaka 1972, madaraka yakawekwa mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, na zikarudi mwaka 1984 baada ya kuonekana kwamba huduma zimedorora. Nchi moja, kwa hiyo, imezijaribu njia zote mbili, na rushwa ilikuwepo katika zote mbili. Kilichobadilika ni sura yake.

Nitakueleza kwa mifano. Mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zilitolewa isivyo halali katika akaunti ya madeni ya nje, maarufu kwa jina la EPA, iliyokuwa Benki Kuu, zikalipwa kwa makampuni 22. Wizi wa namna ile hauwezi kufanyika katika halmashauri hata kama kila mtumishi wake ni mwizi, maana halmashauri haina akaunti ya aina hiyo. Unahitaji watu wachache wenye madaraka makubwa, hati zinazofanana na za kweli, na ukimya wa miezi michache. Waathirika wake ni taifa zima, na ndiyo sababu hakuna mtu mmoja anayelala njaa siku ileile akajua kwamba ameibiwa.

Katika halmashauri mambo huenda vingine. Nikupe mfano wa zahanati. Siku hizi majengo mengi ya umma kwetu hujengwa kwa utaratibu ambao watu wote huuita "force account", ambapo kijiji au shule hununua vifaa vyenyewe na kumlipa fundi wa palepale. Huundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Ni utaratibu mzuri na umeokoa fedha nyingi, nami nauunga mkono. Lakini katika kijiji kimoja nilichokikagua, hati ya kupokelea mzigo ilionyesha mifuko 400 ya saruji, imetiwa sahihi na wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi. Nilipomwita mjumbe mmojammoja na kumwuliza mifuko ilipangwaje stoo, mmoja alisema ilipangwa kumi kumi, wa pili alisema hakuwepo siku ile bali aliletewa karatasi nyumbani, na wa tatu, mama mtu mzima, alianza kulia. Mtendaji wa kijiji alikuwa shemeji yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku ile nililiona neno hilo limekaa kwenye kiti mbele yangu.

Halafu kuna ushuru. Mashine za POS za kukusanyia mapato zililetwa ili fedha zionekane papo hapo kwenye mfumo, na zimesaidia sana kuliko vitabu vya stakabadhi vya zamani. Hata hivyo, ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, za mwaka hadi mwaka zimetaja makusanyo ambayo mashine imeyarekodi lakini hayakufika benki, na mashine zilizokaa bila kuwa hewani kwa muda mrefu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa na Serikali mwezi Aprili 2023 baada ya kasoro hizohizo, ikiwemo vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha hizi ni kidogo ukizilinganisha na EPA, lakini zinapita katika mikono mingi, na kila mkono una jirani, una mkwe, una mdai.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba ngazi haiondoi rushwa, bali huamua itakuwa ya namna gani: juu huwa matukio machache na makubwa, chini huwa mengi na madogo.

Ila kuna jambo ambalo nalitilia mkazo zaidi ya hayo yote. Mimi nilikuwa mkaguzi wa ndani, na kwa utaratibu wa kazi za kila siku nilikuwa chini ya mkurugenzi yuleyule ambaye vitabu vyake nilivikagua. Nikitaka kwenda kijijini kuhesabu saruji, gari naomba kwake. Mafuta yanaidhinishwa na mweka hazina. Posho ya siku mbili inapitia mezani kwa mtu ambaye naenda kumchunguza. Mara tatu katika mwaka mmoja niliambiwa gari lina hitilafu, na mara zote tatu nililiona sokoni jioni. Ukiniuliza hatari iko wapi, nitakujibu kwamba iko pale ambapo anayetazama anaishi kwa hisani ya anayetazamwa. Hali hiyo inaweza kuwepo wizarani, mkoani, wilayani na hata kijijini.

---

Mhasibu wa Kaunti wa Zamani alijibu:

Mzee Mkaguzi, pokea heshima zangu. Nilifanya kazi katika idara ya fedha ya kaunti moja ya Kenya kwa miaka sita tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na mengi uliyoyasema niliyaona. Lakini naona umelipita upesi suala la ukubwa, ambalo mwenzetu ameliuliza waziwazi.

Kabla ya mwaka 2013 tulikuwa na mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya, mengi yakiwa maskini kiasi cha kushindwa kulipa mishahara. Yakavunjwa, zikaja kaunti 47, na Katiba ikaweka sharti kwamba zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Mgao wa mwaka wa kwanza ulikuwa takriban shilingi bilioni 190. Kufikia mwaka wa fedha 2024/25 ulikuwa umefika bilioni 387. Fikirini maana yake katika chumba nilichokaa. Tulihamia katika jengo la baraza la zamani tukiwa na makarani waliozoea kupokea ada za soko, na katika mwaka huohuo tukatakiwa kuendesha hospitali, kununua dawa na kujenga barabara. Fedha zilifika kabla ya watu wa kuzisimamia, na kabla ya desturi ya kuzisimamia. Hatari ilikuwa katika kasi ya ukuaji kuliko katika ukubwa wenyewe. Denmark ina serikali ambayo matumizi yake yanakaribia nusu ya pato la nchi, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoonekana kuwa na ufisadi mdogo kabisa duniani. Somalia ilikaa muda mrefu na serikali ambayo haikukusanya karibu chochote, na haikuokolewa na udogo huo. Anayetuambia kwamba tukipunguza serikali tutapunguza ufisadi lazima atueleze mifano hiyo.

Pia siwezi kukubali kwamba ugatuzi ulituletea tu wezi wa karibu. Kuna mambo ambayo tusingeyaona chini ya mfumo wa zamani. Fedha za kaunti hazitoki bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye haajiriwi na gavana. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huandika ripoti ya kila kaunti, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Gavana anaweza kung'olewa na bunge la kaunti kisha Seneti: Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa hivyo mwezi Januari 2020, na mwezi Februari 2025 mahakama ya kesi za ufisadi ikamtia hatiani kuhusu zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Tangu kashfa ya Goldenberg hadi leo, ni vigogo wangapi wa Serikali Kuu ambao wamefikishwa mwisho wa kesi kwa namna hiyo?

Pale ambapo nakubaliana nawe, mzee, ni kuhusu anayetazama. Kwetu jina lake ni mwakilishi wadi. Kazi yake ni kumchunguza gavana, lakini wapiga kura wake hawampimi kwa uchunguzi, wanampima kwa barabara, kisima na basari. Ili wadi yake iwekwe kwenye bajeti, lazima awe na uhusiano mwema na gavana. Nimeketi nje ya chumba cha kamati nikisubiri kujibu maswali kuhusu malipo, nikasikia wawakilishi wakijadiliana ni wadi ipi itaongezewa kilomita mbili za murram. Tulipoitwa ndani hatukuulizwa swali hata moja kuhusu malipo yale.

Na lipo jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni kuwepo kwa ngazi nyingi zinazofanya kazi ileile mahali pamoja. Katika eneo bunge moja unaweza kukuta mradi wa maji wa kaunti, mradi wa wizara ya kitaifa, na mradi wa fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ulioendelea kuwepo sambamba na kaunti. Tangi moja likipakwa rangi upya, laweza kuingizwa katika vitabu vya ofisi mbili. Mwananchi akiuliza, kila ofisi humwelekeza kwa mwenzake. Hapo ndipo ukubwa na ngazi hukutana: tatizo ni majukumu yasiyo na mpaka.

Kwa Mkaaji wa Wadi, nina neno la tahadhari kuhusu hizo mita 78. Pampu haiwekwi kwenye sakafu ya kisima. Hutundikwa juu kidogo ya sakafu, na wakati mwingine juu sana, kulingana na mahali maji yanapokaa. Urefu wa mabomba pekee hauthibitishi kwamba mliibiwa, na ukisimama mbele ya watu ukatoa tuhuma kwa hesabu hiyo, mwanakandarasi atakuumbua kwa dakika mbili. Tafuta kwanza kina halisi.

---

Mkaaji wa Wadi aliandika:

Ninawashukuru nyote wawili kwa dhati. Mhasibu, umeniokoa, kwa maana nilikuwa tayari nimeshaandika barua ya lawama.

Niongeze swali moja. Sisi huitwa kwenye mikutano ya kushirikisha umma kabla ya bajeti kupitishwa, jinsi Katiba inavyotaka. Tunafika, tunatia sahihi karatasi ya mahudhurio, tunasomewa orodha ya miradi ambayo imeshapangwa, kisha tunaombwa maoni saa saba mchana wakati watu wanataka kwenda kukama ng'ombe. Je, ushiriki huo huleta tofauti popote pale, au ukaguzi wa kutoka juu ndio pekee wenye nguvu?

---

Mwalimu wa Mbale alijibu:

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Uganda, na swali hili la mwisho linatugusa walimu moja kwa moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yetu ilikuwa ikituma ruzuku kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi, kupitia wilaya. Wizarani vitabu vilikuwa sawa: fedha zimetoka. Watafiti walipokwenda kwenye shule zenyewe na kulinganisha, waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Tazameni vizuri mahali ilipopotelea. Haikupotelea kwa waziri wala kwa mwalimu mkuu. Ilipotelea katikati, mahali ambapo ngazi moja inakabidhi na nyingine inapokea, kwa sababu mwalimu mkuu hakuwa anajua alitumiwa kiasi gani. Huwezi kudai kitu usichojua kwamba ni chako.

Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Magazeti hayastahili sifa yote, maana mageuzi mengine katika mfumo wa malipo yalikuwa yakiendelea wakati uleule, lakini ninaikumbuka karatasi ile ya ukutani. Mzazi asiyejua bajeti ni kitu gani aliweza kusimama mbele yake na kumwuliza mwalimu mkuu kwa nini madawati hayajanunuliwa ilhali fedha zimefika tarehe fulani. Hakuhitaji kumtuhumu mtu. Aliuliza kuhusu karatasi, na hiyo ilimwondolea ule uzito wa kumnyooshea kidole jirani, uzito ambao Mkaaji wa Wadi ameueleza vizuri sana.

Kuhusu ukaguzi na ushiriki, lipo jaribio lililofanywa kwenye vijiji zaidi ya 600 vya kisiwa cha Java, Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vilipokuwa vikijenga barabara. Wahandisi walichimba mashimo kwenye barabara zilizokamilika ili kupima ni mchanga na mawe kiasi gani yaliwekwa, kisha wakalinganisha na hesabu za kijiji. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba hakika vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali, badala ya uwezekano wa kawaida wa asilimia 4, vilipunguza upotevu kwa takriban pointi 8 za asilimia. Kuwaalika wanakijiji wengi zaidi kwenye mikutano hakukupunguza upotevu huo kwa kiasi cha maana kwa jumla. Na kuna jambo ambalo limenikaa moyoni: palipokuwa na uhakika wa ukaguzi, ndugu wa wasimamizi wa mradi walipata ajira zaidi katika mradi huo. Mkaguzi hupima mawe, hapimi undugu. Uovu ulizibiwa mlango mmoja ukatafuta mwingine.

Kwa hiyo ninaona kwamba mkutano peke yake hauna meno, lakini taarifa inayomfika mtu mmoja mwenye haki ya kuidai ina meno. Mikutano yenu inashindwa kwa sababu mnaulizwa maoni badala ya kupewa namba.

---

Mkaguzi Mstaafu alijibu:

Mwalimu, umesema neno "katikati," na hapo umeligusa jambo ambalo mimi nililizunguka. Mwaka 2016 Serikali yetu ilipofanya uhakiki wa watumishi, iliwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Hawa hawakuwa wizi wa Serikali Kuu peke yake wala wa halmashauri peke yake. Mshahara unalipwa na Hazina, ambayo haimwoni mwalimu darasani. Mwalimu anaonekana na mwalimu mkuu wake, ambaye haoni orodha ya malipo. Mtu akifa, akistaafu au akitoroka kazi, anayejua hana mamlaka ya kumfuta, na mwenye mamlaka ya kumfuta hajui. Anayekaa kati ya wawili hawa, mwenye kujaza fomu, ndiye aliyekuwa na nafasi yote.

Ila niseme jambo moja ili tusiusifu mno ukaguzi wa kutoka juu. Mkaguzi anayetoka mbali huandaliwa. Niliona wageni wakipokewa, wakipangiwa nyumba nzuri ya kulala, wakipelekwa kwenye miradi mitatu bora, na barabara ya kuelekea mradi wa nne ikitajwa kuwa imeharibiwa na mvua. Mgeni hajui kwamba mvua haikunyesha. Anayejua ni mwanakijiji, na hakuna aliyemwuliza. Katika ukaguzi mmoja ambao naukumbuka kwa furaha, mkaguzi mmoja kijana aliagana na wenyeji wake, akarudi kesho yake kwa bodaboda bila taarifa, akaketi kwa mama ntilie karibu na kituo cha afya, akauliza tu jengo lile lilianza lini na limesimama lini. Hoja zote za ripoti yake zilitoka kwenye benchi lile, na nyaraka alizozitafuta baadaye zikazithibitisha.

Ndiyo maana ninasema ngazi mbili zinafaa kuwepo, mradi karatasi ya ngazi moja iweze kulinganishwa na karatasi ya nyingine na mtu ambaye hana deni kwa yeyote kati yao.

---

Mhasibu wa Kaunti wa Zamani alijibu:

Hilo la karatasi mbili linanikumbusha jambo litakalomfaa moja kwa moja mwenzetu wa kisima.

Huduma ya maji vijijini ni kazi ya kaunti, lakini rasilimali ya maji yenyewe inasimamiwa na mamlaka ya kitaifa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kisima hakichimbwi bila kibali chake, na mchimbaji anapomaliza hutakiwa kuwasilisha kwake taarifa ya ukamilishaji: kina kilichofikiwa, tabaka za udongo na mawe, mahali maji yalipopatikana, na matokeo ya jaribio la kupampu. Kaunti nayo ina mkataba wake, ina orodha ya vipimo na bei ambayo mafundi huiita BQ, na ina hati ya malipo. Mchimbaji hulipwa kwa mita. Ikiwa ameiambia kaunti mita 150 ili alipwe, huenda ameiambia mamlaka kina cha kweli, kwa sababu huko hapati senti zaidi kwa kudanganya. Na ikiwa karatasi zote mbili zinasema 150, basi shimo lenyewe ndilo litakaloamua.

Andika barua mbili tofauti, moja kwa kaunti na moja kwa mamlaka, chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Usiandike neno "ufisadi" popote. Omba nakala za hati kwa majina yake, taja jina la mradi na mwaka wa fedha, weka muhuri wa kamati, na uhakikishe wanakupigia muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Usipojibiwa, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na harakisha jambo moja: pampu ikiwa bado iko kwa fundi, shimo liko wazi. Hamtapata nafasi hiyo tena hadi itakapoharibika mara nyingine.

---

Mkaaji wa Wadi aliandika:

Nimezisoma hoja zenu kwa wanakamati wenzangu jana jioni, nikiwatafsiria kwa lugha yetu pale ilipobidi. Tulikubaliana kwamba barua zitatoka kwa kamati nzima, si kwangu, na zitatiwa sahihi na watu tisa, akiwemo mama wa yule kijana. Alijitolea mwenyewe. Alisema kwamba kama mwanawe alichimba mita 150 anataka jambo hilo liandikwe mahali, ili watu waache kumtazama anapokuja kuteka maji.

Barua zimepelekwa leo asubuhi katika ofisi zote mbili, na nakala zetu zina mihuri. Fundi amekubali kupima kina kwa kamba iliyofungwa uzito wa chuma, ikiwa na fundo kila mita tano, kabla pampu haijarudishwa. Tutafanya hivyo Jumamosi saa tatu asubuhi. Tumemwalika mwakilishi wadi pia, naye amesema atakuja. Kipimo nitakiandika hapa, uwe ni mita 80 au 150, na majibu ya barua nitayaweka yatakapofika.